Karatasi ya Dole Gumba

Jumatano, tarehe 9 Aprili 1975, maji ya mto Miyombo yalimchukua dada yangu. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minne. Ilikwenda pia nyumba aliyokuwa amekaa miezi saba, mbuzi wake wawili, na mahindi yaliyokuwa yametoa mbelewele. Nyumba na mbuzi sivililii. Naandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya mwanawe ambaye bado yu hai.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni, kule mlimani kwetu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayemsemea, shuleni, kwenye posa na kwenye kesi. Mtoto wa dada yangu nilimsemea mimi tangu akiwa hajui kufunga vifungo vya shati. Alipochaguliwa kwenda chuo kikuu Dar es Salaam, wa kwanza kutoka mlima wetu, nilimsindikiza hadi stesheni ya Kilosa. Tulipokuwa tukingoja treni nilimwambia jambo moja tu, kwamba akishasoma asirudi bubu. Wasomi tulikuwa tunawasikia wapo, lakini sauti zao hazikuwa zimetufikia. Alicheka, akasema huko chuoni ndiko atakakofundishwa kusema.

Na kweli alifundishwa. Likizo ya mwaka 1974 alikuja na daftari. Walikuwa wameambiwa kwamba mwanafunzi si mgeni katika nchi yake, aende vijijini, awasikilize watu, asimame pamoja nao. Wakati huo ilikwishatangazwa kwamba sisi wa mlimani tutashushwa bondeni, kwenye kijiji kipya kando ya mto. Mpwa wangu alipita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wana maoni gani. Hatukuwa tumewahi kuulizwa. Wengine walidhani anawatega, wakamjibu habari za afya. Akawaambia kwamba raia haombi ruhusa kwa mtu ili aseme. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, nikajivuna.

Nilimpeleka bondeni mwenyewe. Nikamwonyesha mkuyu mmoja na majani makavu yaliyonasa kwenye panda ya matawi, nikamwambia yaliletwa na mto. Akainua mkono ayaguse. Hakuyafikia. Akaandika.

Karatasi aliyotuandikia ilikuwa ya maneno machache. Hatukukataa kijiji, tuliomba tu kijengwe juu ya tuta lililo upande wa mashariki, mahali palipoinuka ambako mto haufiki. Wanaojua kuandika waliandika majina yao, wasiojua wakapakwa wino wa kalamu kwenye dole gumba. Dada yangu alikuwa wa kwanza. Alikandamiza dole lake, akalifutia kwenye khanga, akamwambia mwanawe, "Basi hapo na mimi nimo." Ile alama kwenye khanga haikutoka tena.

Tulipanga hivi: kwenye mkutano nianze mimi, mwenye sauti ya ukoo, kisha yeye aisome karatasi. Afisa kutoka wilayani alifika na Landrova. Kabla ya mkutano alimwita mpwa wangu pembeni, wakazungumza kwa muda mrefu, mkono wa afisa ukiwa begani kwake. Niliwaona, nikafurahi. Nilidhani anaheshimiwa kwa elimu yake.

Nilisimama nikasema habari za mto. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia watu.

"Ndugu wananchi, mzee wetu anatuletea pingamizi la mto. Sasa huo mto una kadi ya chama?"

Watu walicheka. Walicheka hata wale ambao madole yao yalikuwa kwenye karatasi. Niliketi, nikamtazama mpwa wangu. Karatasi ilikuwa katika mfuko wa shati lake na niliuona ukingo wake. Afisa akauliza kama kuna mwingine. Mpwa wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Afisa akasema basi tumekubaliana. Dada yangu alimtazama mwanawe, halafu akanitazama mimi.

Septemba tukashushwa.

Januari nilisikia kwamba mpwa wangu yuko Mikumi na wenzake wa chuo kwa kazi ya mafunzo. Nikaomba lifti kwenye lori la mbao. Niliwakuta wakinywa chai kando ya barabara kuu. Waliniamkia vizuri, shikamoo mzee, nikaitika marahaba. Aliponitambulisha, mmoja wao akaweka kikombe chini.

"Kumbe ndiye huyu mzee wa mto! Vipi mzee, mwenzio ameshapata kadi?"

Wakacheka. Katika vijana wote waliokuwa pale, aliyekuwa mkutanoni ni mmoja tu.

Nikamvuta mpwa wangu pembeni, nikamuuliza kwa nini hakusimama.

"Mjomba, wewe ulikuwa umeshasema," aliniambia. "Ningeongezaje juu yako? Si ndivyo ulivyonilea?"

Ni kweli ndivyo nilivyomlea. Kwetu mjomba akishasema, mpwa haongezi, maana kuongeza ni kuonyesha kwamba maneno ya mjomba hayakutosha. Mpaka mjomba mwenyewe amfungulie kwa kusema, "Mpwa wangu ataongeza." Maneno hayo matatu sikuyasema siku ile. Nilimwona ni raia, tena msomi, haombi ruhusa yangu. Hilo ni kosa langu na silikatai. Lakini yeye alijua ninachokingoja, akajificha nyuma ya heshima yangu.

Nikamwomba karatasi yetu. Akasema hanayo, aliikabidhi chuoni pamoja na kazi yake ya likizo.

"Waliisifu sana, mjomba," akasema.

Mafuriko ya Aprili yalikuja alfajiri. Dada tulimpata siku ya pili, chini kidogo ya ule mkuyu. Mwanawe alifika siku ya mazishi, akalia kama watu wote wanavyolia, nami nikamshika.

Siku ya kuondoa matanga, msemaji wa familia husimama akaeleza jinsi marehemu alivyofikwa na mauti. Katibu wa kijiji alikuwepo. Alikuwa ameshatuambia kwamba maji yakikauka tujenge upya palepale, na watu walitaka kusikia familia ya wafiwa itasemaje, maana walikuwa na watoto wa kulaza mahali. Nilisimama nikaeleza yote: mkuyu, karatasi, dole la dada yangu, mkutano, kicheko. Nikasema waliobaki wapelekwe kwenye tuta. Sikumtaja mtu. Nilipomaliza sikuketi. Nilimgeukia mwana wa marehemu, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mpwa wangu ataongeza."

Akasimama. Alikuwa ameikunja ile khanga ya mama yake na kuishika kwa mikono miwili. Alimtazama katibu, akawatazama watu. Nilimngoja. Sikumbuki kumngoja mtu namna ile.

"Mjomba amemaliza," alisema, akaketi.

Mwalimu wa kanisa akatuomba tusimame kwa sala, tukasimama.