Mawimbi Aliyoyaacha Doto

Nakumbuka Jumamosi moja kabla ya Pasaka, mwanangu, siku niliyotaka kumwaibisha pacha wangu nikajiaibisha mwenyewe. Mimi ni Kulwa, niliyetangulia kuzaliwa. Yeye ni Doto. Kwetu Unyamwezini jina la pacha linasema nani alitangulia, nami nilidhani kutangulia tumboni ni kutangulia kila mahali.

Fundi Mihayo, mzee aliyekuwa akitengeneza piano za makanisa hapa Tabora, alitufundisha sote wawili. Masikio yake yalianza kuwa mazito, akataka kurudi kwao Puge kulima, na kabla ya kuondoka angemwachia mmoja wetu ufunguo wake wa kukazia waya. Nilijua angempa Doto, na ilinichoma. Doto alisikia mawimbi. Waya mbili zikikaribiana bila kulingana, sauti inavimba na kunywea, wa-wa-wa: moja ikitikisika mara 440 kwa sekunde na nyingine 442, utahesabu mawimbi mawili kila sekunde. Siku hizi simu inawahesabia nyie. Doto alihesabu kwa sikio huku anatafuna karanga. Mimi nilipewa kitambaa, nifute vumbi.

Lakini hesabu za karatasi nilimshinda. Nilijua kwamba ukipanda sauti tano, hatua ambayo mafundi huiita tano tu, ya juu hutikisika mara moja na nusu ya ile ya chini: noti ya la ikiwa 220, noti ya mi iwe 330. Siku hiyo Doto alimaliza kupanga sauti za katikati za piano ya kanisa, wakatoka yeye na fundi kwenda kunywa uji. Nikagusa la na mi pamoja. Zinatetemeka! Mawimbi matatu kila sekunde nne. Nilifurahi, sikufichi. Nikatwaa ufunguo, nikaikaza mi mpaka ikatulia tuli, nikaendelea tano baada ya tano, zote safi. Ya kumi na mbili, iliyopaswa kunirudisha nilikoanzia, ikalia kama fisi.

Waliporudi, fundi akapiga, akakunja uso.

"Nani kagusa hii?"

"Si Doto ndiye aliyepanga?" nikasema. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu.

"Doto hawezi kuziacha safi namna hii," fundi akasema. "Nilimfundisha kila tano aipunguze kidogo." Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa namba za nyimbo. Moja na nusu, izidishe kwa yenyewe mara kumi na mbili: karibu mia na thelathini. "Na sauti hurudi kwenye jina lake kila ikizidishwa kwa mbili. Fanya mara saba: mia na ishirini na nane. Hazikutani! Ile ziada lazima tano zote kumi na mbili zigawane. Ukiipa kila moja haki yake yote, ya mwisho inabebeshwa mzigo wa wenzake. Mtaka yote hukosa yote, binti yangu. Hesabu unaijua. Ulichofanya leo si hesabu, ni wivu."

Doto akazipanga upya, Pasaka ikaimbika, na ufunguo akapewa yeye. Aliniomba tufanye kazi pamoja, yeye sikio, mimi karatasi. Nikakataa. Nikaenda kulima kijijini Ntalikwa, yeye akawa anaitwa kazini Urambo, Nzega, mpaka Kigoma. Hata leo nikikaa kanisani hutega sikio nitafute kosa lake. Sijalipata, na bado inanichoma.

Basi sikia, mwanangu. Waya zilizoachana mbali hazina mawimbi. Hutetemeshana zile zinazokaribiana. Sikumwonea wivu mkuu wa mkoa. Nilimwonea niliyelala naye tumbo moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukihisi wivu unakutikisa, usijikaze uwe safi peke yako. Punguza kidogo, umwachie mwenzako nafasi yake. Na akikuita mfanye kazi pamoja, nenda siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa nikimsubiri Doto aniite mara ya pili, nipate kukubali bila aibu. Hakuniita.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe ndugu wa kukuita, na akupe moyo wa kuitika anapokuita mara ya kwanza.