Siku Mzee Likwata Alipotoka Mbio Njia Panda ya Mingoyo

Mwahija ana duka la kutoa kopi na kuchapa barua pale njia panda ya Mingoyo. Wateja wakipungua, hucheza mchezo wa kompyuta ambao mchezaji ndiye mwongoza treni: anafungua njia, anafunga, anazipishanisha treni zisigongane. Kwa miezi minane alikuwa akiijenga ndani ya mchezo huo reli ya zamani ya kusini, iliyong'olewa kabla mama yake hajazaliwa, pamoja na injini zake za mvuke.

Ramani aliipata. Kilichomshinda ni namna kazi yenyewe ilivyofanyika, ndipo akaelekezwa kwa Mzee Likwata, aliyewahi kuongoza treni za reli hiyo kwenye kituo kimoja kidogo cha bara. Sasa ana miaka themanini na mitano, anaishi na bintiye Getrude. Mzee alimweleza kwamba njia ilikuwa moja, ya kwenda na ya kurudi, na dereva hakutoka kituoni bila karatasi ya ruhusa. Karatasi nayo haikuandikwa mpaka kituo cha mbele kipigiwe simu na kijibu kuwa njia ni tupu.

Alhamisi moja mchana Getrude akamleta dukani aione.

"Presha yake haijatulia," alimnong'oneza Mwahija. "Usimchoshe."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Haya, nionyeshe hiyo reli yako."

Moshi ukapanda kwenye kioo, injini ikalia. Mzee akacheka, akawa anavitaja vituo kimoja kimoja. Kwa kutaka kumfurahisha, Mwahija akairuhusu treni ya mizigo itoke, akasahau kwamba nyingine ilishaanza kuja kutoka upande wa pili. Pembeni mwa kioo mistari miwili myekundu, alama za treni hizo, ikaanza kusogeleana.

"Nani amejibu simu?" Mzee akauliza.

"Simu gani, babu?"

"Umemruhusu bila kupiga simu? Mrudishe! Mrudishe Faustino!"

Mwahija akabonyeza kitufe, kila kitu kikasimama. "Zimesimama, babu, tazama."

Mzee hakutazama. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Akaunyakua mtandio mwekundu uliotundikwa kwenye kiti, akatoka mbio. Getrude hakujua kama baba yake bado ana mbio zile.

Lori la mizigo lilikuwa linakata kona. Mzee akasimama katikati ya lami akipunga mtandio. Mwahija akafika mlangoni. Alichokiona ni miguu myembamba ya mzee na bampa la lori likija. Breki zikalia, lori likaserereka, likasimama hatua tatu kutoka alipokuwa.

Dereva akashuka na matusi mdomoni. Alipouona uso wa mzee, akayameza, akamshika mkono.

Walimketisha dukani. Ilichukua muda mpaka meno ya mzee yakaacha kugongana.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Simu ilikuwa mbovu kutwa nzima. Nikaandika karatasi kabla sijajibiwa, treni ikatoka. Faustino alikuwa mchochea moto wa injini ile, tukila sahani moja. Jibu lilipokuja kwamba njia si tupu, nikavua shati, nikakimbia relini nikilipunga. Sikuwahi."

"Walikufa, baba?"

"Yeye tu."

Getrude hakuwa amelisikia jambo hilo maishani mwake.

Kwa wiki mbili Mwahija hakuufungua ule mchezo. Lori likipiga honi, alitoka kuchungulia barabarani. Kila simu aliidhani ni ya msiba. Getrude alipopiga kweli, aliiacha iite mpaka ikakaribia kukatika.

"Baba anataka kuja kuiongoza treni mwenyewe."

"Dada, mimi siwezi. Naogopa."

"Mimi pia. Na yeye anaogopa, ila ameshavaa viatu."

Akaja. Alitaka treni moja tu, na Mwahija awe kituo cha mbele, asimame nje amjibu kwa simu ya mkononi.

"Njia ni tupu?"

"Ni tupu, babu."

"Rudia."

Mwahija akarudia mara tatu. Ndipo mzee akaandika karatasi ya kweli, kwa kalamu, akamwambia Getrude abonyeze kitufe cha kuiruhusu treni. Dakika ishirini na moja treni ilikuwa njiani. Mwahija aliyapeleka macho barabarani, kisha kwa mzee, kisha barabarani.

Treni ikaingia kituoni. Mzee akaomba maji, nusu yakammwagikia kifuani.

"Bado naogopa," akasema.

Getrude akamfuta kwa upindo wa kanga, akatoka kuita bajaji.