Kaniki ya Guku Kwenye Ubao wa Maonyesho

Nikikumbuka maonyesho ya sayansi ya juzi shuleni, hapa Bariadi, natamani daftari hili lifungwe kwa kamba, lakini nimeshaanza, acha niandike. Mwalimu wa Baiolojia alisema ubao usiosomeka kutoka mlangoni si ubao, tafuteni karatasi ngumu za rangi, siku hizi maduka yamejaa vitu, hakuna kisingizio. Mimi (ninayeogopa hata kuomba chumvi mezani) sikuthubutu kumwambia bibi aninunulie, nikafungua sanduku lake nikatoa kaniki, ile nguo nyeusi ya marehemu guku, babu yangu, ambayo bibi huivaa siku ya tambiko tu. Nikaitandaza juu ya boksi la sabuni, nikaandika kwa pamba ya shambani kwetu, WADUDU WA PAMBA, gundi ikiwa uji wa muhogo. Ilisomeka mpaka kwenye mlingoti wa bendera, nikajiona fundi.

Wazazi walipoanza kuingia, wengine walinikwepa wakapita mbali, maana kaniki ubaoni na wadudu wakavu waliochomwa pini mezani, kwetu hapo ni kwa mganga. Kisha nikamwona bibi mlangoni. (Siku mbili alikuwa hali chakula vizuri, anatafuta kaniki, anasema guku amekasirika, na tambiko ni Jumamosi.) Pembeni ya nguo kuna kiraka chekundu alichoshona mwenyewe. Nikauegemea ubao kwa mgongo nikifiche.

Mgeni wa heshima akaniambia, "Binti, sogea tusome."

Sikusogea. Akarudia, nikatikisa kichwa tu, mpaka mwalimu akanivuta mkono, na kwa kuwa uji haukuwa umekauka, pamba yote ikaja na sweta langu. Ubao ukabaki mweusi tii, mgongoni nina wadudu wa pamba kwa herufi za kinyumenyume. Mmoja wa darasani kwetu akasema mradi umehama, wakacheka wote.

Bibi hakucheka. Alikuja taratibu, akashika kiraka, nikajua nimekwisha.

"Mjukuu wangu," akasema kwa sauti ya chini, "siku mbili namwomba guku wako msamaha. Kumbe kosa si langu."

Kaniki nimeifua mara tatu, bado inanuka muhogo. Bibi hajanichapa, amesema tu kwamba kwenye tambiko nitasimama nimweleze guku mwenyewe, ukoo wote ukisikia. Nilishindwa kuomba karatasi kwa mtu mmoja aliye hai, na kesho ndiyo Jumamosi.