Nukta Nyekundu Chini ya Hadubini

Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba kukosea ni sehemu ya kujifunza. Juzi zamu ilinifikia.

Nilikuwa na asubuhi moja tu ya kumwonyesha msimamizi wangu, Dkt. Kagendo, kipande cha fuwele chenye unene wa tabaka moja la atomi. Kama ningeshindwa, ningetafuta mada nyingine ya tasnifu. Kazi yenyewe ni rahisi kuelewa. Unabandika selotepu juu ya fuwele, unabandua, unarudia, hadi libaki tabaka moja. Ukilimulika kwa leza ya kijani, linang'aa rangi nyekundu. Kipande kinene hakiwaki hivyo.

Nukta nyekundu ilipotokea kwenye skrini, niliita maabara nzima. Niliwaeleza kwa nusu saa jinsi elektroni zinavyopanda na kushuka. Hata Mzee Kirimi, fundi wa hadubini, nilimwambia asogee ajifunze.

Dkt. Kagendo akakuza picha. "Lakini Mutwiri, tabaka lako lina mishipa."

"Hiyo ni mikunjo tu, Daktari," nikamfafanulia kwa upole.

Mzee Kirimi akaushika mkono wangu, akaukagua. "Wikendi ulikuwa kwenu Mikinduri?"

"Ndiyo. Nilimsaidia mama kufunga vitita vya miraa mbichi."

"Basi safisha kucha, mwalimu. Jani lolote bichi huwaka nyekundu kwa hii taa. Hii nusu saa yote umetufundisha miraa."

Dkt. Kagendo alikuwa ameegemea meza, akijifuta machozi ya kicheko. "Nakupa wiki moja," akasema, "na glavu."