Vani ya Sikonge Yenye Dirisha Moja

Nilikwenda Tabora kwa sababu watu wa kule walikuwa wamegombana. Mwaka uliotangulia walishindanisha vani zao za zamani, wakamchagua mwamuzi miongoni mwao, na wawili kati yao walikuwa bado hawasemezani. Bwana Noorali, muuza vitambaa wa mjini pale, akashauri safari hii aitwe mtu wa mbali asiyejuana na yeyote. Nikamkumbusha kuwa tunajuana sisi wawili, maana niliwahi kumnyooshea bodi ya gari alipopata ajali karibu na Dodoma. Akasema namjua kwa gari lake, si kwa ndugu zake, na hiyo haihesabiki.

Mke wangu alicheka. Nchi nzima inatafuta matairi, akasema, na nyinyi mnakwenda kupima uzuri wa magari. Sikubishana naye. Gerejini kwetu magari mengine yalikaa juu ya matofali miezi mingi yakisubiri vipuri. Lakini hicho ndicho kilichonivuta: nilitaka kuwaona watu wanaoweza kulitunza gari likazeeka vizuri wakati madukani hakuna kitu.

Treni iliondoka Dodoma jioni ikiwa imejaa hadi milangoni. Tulipopita Manyoni na Itigi nilipata pa kukaa, karibu na mzee mmoja aliyekuwa akirudi Uyui. Alinieleza kuwa babu yake alikwenda pwani na kurudi kwa miguu, pembe begani, na kwamba njia ya reli haiko mbali na njia yao. Wapagazi, alisema, walikuwa wakichagua mzigo kwa kuuinua, hawakuuchagua kwa kuutazama. Niliitikia tu, usingizi ukanichukua. Kulipopambazuka tulikuwa Igalula, na baada ya hapo Tabora haikukawia.

Bwana Noorali alinipokea stesheni akanipeleka kwake, ambako mkewe alikuwa amepika pilau. Vani yake ilikuwa uani, imefunikwa turubai. Hakunifunulia. Alisema nitaiona kesho pamoja na za wenzake, nami nikamheshimu kwa hilo.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, tulikutana kwenye uwanja wa shule. Vani wanayoisema wao ni lile gari la mizigo lenye mgongo wa bati, lililofungwa pande zote, lisilo na kioo nyuma ya dereva. Ilikuwepo ya kubebea mkate, ya misheni, na kadhaa za wenye maduka. Kanuni yao kubwa ilikuwa moja: ubavu uwe bati tupu kama ulivyotoka kiwandani. Tulipaswa pia kufanya haraka, kwa sababu siku zile, ili kubana petroli, magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana.

Vani ya Bwana Noorali ilikuwa nzuri. Lakini ile iliyotoka Sikonge ilinishika. Ilikuwa ya Bi Nyamizi, mjane aliyekuwa akileta asali na nta mjini, na dereva wake alikuwa mpwa wake, Mihayo. Milango ilifunga kwa kidole kimoja. Chini hakukuwa na kutu hata kidogo, kwa kuwa walikuwa wakipaka nta ya nyuki kila masika. Kwa haki ya kazi yenyewe, hakuna aliyeifikia. Ila ubavu wa kushoto ulikuwa na dirisha, limekatwa kwa mkono, tena chini mno, nikadhani aliyelikata alikosea kipimo.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia. "Dirisha hili limetoka wapi?"

"Marahaba, fundi. Mume wangu aliumwa, akawa hawezi kukaa. Tulikuwa tunamlaza humo kila tukimleta hospitali. Njia nzima anauliza, tumefika wapi? Nilichoka kumjibu. Nikamwita mfua chuma akatoboa."

Kisha nikafuata kanuni. Nilitangaza kwamba vani ya Sikonge imetoka mashindanoni kwa sababu ya dirisha, na kikombe ni cha Bwana Noorali.

Manung'uniko yalianza hapo hapo. Mwenye vani ya mkate alisema kwa sauti ya kusikika kwamba pilau ya jana imeamua. Wengine wakamuunga mkono, wengine wakanitetea, na Bwana Noorali akataka kukirudisha kikombe, jambo lililozidisha mabishano. Nilijieleza mpaka koo likakauka. Niliona aibu, na aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa sikuwa na uhakika kama ningekuwa mkali vile kwa mwenyeji wangu.

Aliyewanyamazisha ni Bi Nyamizi.

"Mwacheni," alisema. "Kanuni mliiweka nyinyi, na dirisha hata mwenye chongo analiona. Mimi sikufuata kikombe. Nilisikia anakuja fundi wa bodi." Akanigeukia. "Tundu hili linazibika lisionekane?"

Nilimwambia linazibika. Nikamuuliza kwa nini alizibe.

"Mwenye kuchungulia hayupo," alisema, kama anayezungumzia paa linalovuja.

Saa nane ilikuwa imeshapita. Polisi aliyekuwa akipita aliulizwa, akasema sheria inakataza kuendesha, haikutaja kusukuma. Basi vani ya mshindi tukaisukuma kwa mikono katika barabara za mchanga hadi kwake, na nyuma yake tukaisukuma ya Sikonge, kwa kuwa isingeweza kwenda kwao kabla ya Jumatatu. Mwenye vani ya mkate alisukuma pamoja nami, bega kwa bega. Hatukusemezana, lakini alisukuma.

Asubuhi yake, katika ua wa Bwana Noorali, nilikuwa nimeanza kuchomoa mpira unaoshikilia kioo cha dirisha Bi Nyamizi aliponizuia. Alisema katika safari zote zile yeye alikaa mbele na dereva. Hakuwahi kutazama nje kupitia pale. Aliomba apelekwe kidogo kabla sijaziba. Nikarudishia mpira.

Tulitoka kwa njia ya Sikonge, Mihayo akiendesha polepole. Bi Nyamizi alitandika mkeka akajilaza mahali alipokuwa akilala mumewe, nami nikakaa karibu na mlango wa nyuma. Alipolala, uso wake ulikuja sawasawa na kioo. Mfua chuma hakuwa amekosea.

Mji uliisha, miombo ikaanza. Watu walikuwa wakija mjini na baiskeli zilizofungwa madumu ya asali, wakizisukuma penye mchanga mwingi. Mmoja aliuona uso dirishani, akainama akasema, "Mwangaluka." Bi Nyamizi akaitikia. Akaja mwingine, naye akaamkia. Kisha mama mwenye kuni kichwani. Aliwaitikia wote.

"Nilikuwa namsikia anasema peke yake huku nyuma," alisema baadaye, macho yakiwa bado kwenye kioo. "Nilidhani ni homa."

Tuliporudi uani nilisubiri aniambie. Nilikuwa tayari kabisa kuliacha.

"Ziba tu, fundi. Asali haitaki jua."

Bwana Noorali alitoa kipande cha bati alichokuwa amekihifadhi kwa ajili ya gari lake, akakishika yeye mwenyewe wakati nikichomelea. Rangi haikufanana vizuri. Bi Nyamizi alikizungushia kioo kanga akakipakata, akapanda mbele, wakaenda zao.

Jioni ya siku ile nilipanda treni. Njia nzima niliupima uamuzi wangu, na mpaka leo naona ulikuwa wa haki. Tangu hapo, mtu akiniletea gari nimkatie dirisha, siendi moja kwa moja kwenye chaki. Huingia ndani kwanza, nikakaa au nikalala pale atakapokuwa mtu, na wenzangu gerejini hunicheka. Vani ya Sikonge niliikagua injini, milango na chini yake, nikaitolea hukumu mbele ya watu wote, na sikuwa nimeingia ndani.