Vyuma Viwili vya Kumtibu Babu

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakivuka ziwa kila wiki, mimi nilikuwa fundi simu pale mtaa wa Mwanga, na babu yangu alikuwa nyumbani Ujiji na mpira wa mkojo. Tezi dume ilikuwa imevimba ikaziba njia. Hospitali ya mjini walisema dawa ni kisu, ila kwa moyo wake ule mgonjwa, kisu hapana. Basi akabaki na mfuko wa mkojo umefungwa pajani, na Ijumaa akaacha kwenda msikitini. Shehe alimwambia mgonjwa ana ruhusa. "Ruhusa ninayo," alisema babu, "pua za watu je?"

Mimi sikukata tamaa. Niliangalia video kwenye simu mpaka bando likaisha. Nikajua kuna mwanga mkali, leza, unaoingizwa kwa njia ya mkojo na kuibandua ile tezi bila kupasua tumbo. Kisha ukaja uvumi: kambini kwa wakimbizi wamekuja madaktari wa Ulaya na mashine zote.

"Babu, twende. Kiha chako na Kirundi ni ndugu. Sema umevuka juzi."

Akacheka, akakubali. Njia nzima ndani ya basi alijizoeza habari za nyumba iliyoungua Burundi, mpaka mama wa siti ya jirani akampa pole.

Kumbe kabla hatujatoka alikuwa amefunga dumu la mawese. Haendi kwa watu mikono mitupu, huyu mzee. Daktari, kijana Mtanzania mwenye macho yaliyochoka, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaliangalia dumu.

"Shikamoo, mzee. Mkimbizi gani anakuja na mawese ya Ujiji?"

"Marahaba. Hata mkimbizi ana adabu," babu akajibu kwa Kiswahili safi.

Tulicheka wote watatu. Halafu daktari akasema leza hakuna. Hapo kambini wana dawa za malaria, drip, na wodi ya wazazi. Pengine aliona uso wangu, maana alitoa simu yake akatuonyesha video, akanirushia na mimi. Leza ikishaibandua tezi, alisema, vipande vinasukumwa kwenye kibofu, na huko kinaingia chuma chembamba cha kuvikatakata na kuvivuta nje. Vyuma hivyo viko vya namna mbili. Kimoja kisu chake kinakwenda mbele na nyuma kama msumeno. Kingine kinageuka kulia, kinarudi kushoto. Madaktari wanabishana: kipi kinamaliza upesi, kipi hakikwaruzi kibofu.

Mimi na bisibisi zangu, nilisahau tulipo. Nikauliza meno yakiwa butu inakuwaje, kikiziba nani anazibua. Daktari naye akachangamka, tukabishana kama wanunuzi wawili dukani.

Babu akatusubiri. Kisha akauliza polepole, "Na hivi viwili, wanangu, viko wapi?"

"Hapa hakuna hata kimoja, mzee."

"Aa."

Daktari alimbadilishia mpira, kazi aliyoiweza. Babu akamwachia mawese. Kijana alikataa, babu akamwambia, "Pokea, umetuonyesha."

Tukarudi Ujiji. Ijumaa iliyofuata nilimkuta ameketi mkekani mlangoni, kanzu imepigwa pasi, iko msumarini.

"Iwashe ile video uliyochukua kwa daktari."

Nikaiwasha, bila sauti. Vile vyuma vikafanya kazi yao ndani ya tumbo la mtu wa mbali.

"Wewe ungenichagulia kipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. "Hiki kinachogeuka, babu. Kinakwenda taratibu, hakitakuumiza."

"Umechagua vizuri."

Adhana ikaanza. Akaniashiria nizime simu, akavuta shuka akaufunika mfuko, akaitikia kwa midomo tu, huku akiwaangalia wenzake wanavyopita kwenda msikitini.