Mama Mgonjwa wa Mwalimu Kerubo ni Mimi, na Sijawahi Kuugua

Admin, nifiche jina tafadhali, huku tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja. Ni Mkisii, lakini maisha yangu yote ya utu uzima nimeishi huku kwenye majani chai. Nilichuma miaka ishirini na tatu katika shamba moja kubwa upande wa Kericho. Mume wangu alifariki binti yetu wa pekee akiwa darasa la tatu. Huyo binti nitamwita Kerubo, ingawa si jina lake. Nilimsomesha kwa kuchuma mpaka akawa mwalimu, na sasa anafundisha karibu na Sigor.

Kama hujawahi kuchuma chai hutajua kwamba utomvu wake ukishika nguo hautoki. Kwa hivyo miaka hiyo yote nilinunua nguo nyeusi na za kahawia tu, juu yake aproni ya plastiki, chini gambuti. Mashine za kuchuma zilipoletwa tukaachishwa kazi, nilikuwa na miaka arobaini na saba na sikujua hata rangi ninayopenda. Nikaenda kujifunza ushonaji pamoja na wasichana ambao ningeweza kuwazaa. Walinicheka wiki mbili, halafu wakazoea. Hapo ndipo nilipogundua kwamba napenda rangi ya chungwa.

Leo nina kibanda changu cha kushona hapa Mogogosiek. Nimekata nywele nikazitia rangi, navaa hereni kubwa na suruali pana ninazojishonea mwenyewe. Wateja huja wakisema, "Fundi, nishonee kama hiyo umevaa," kwa hivyo mimi mwenyewe ndiye tangazo la biashara yangu. Najipenda, na sitawadanganya, sikuwahi kujipenda kabla ya hapo.

Kerubo aliona aibu tangu mwanzo. Alipopata mchumba, Mkipsigis wa familia ya kanisa sana, mambo yakazidi. Siku moja alikuja kibandani na gauni la kahawia la mikono mirefu, na kitambaa cha kichwa.

"Mum, siku ya koito utavaa hii," akasema. Koito ni ile siku watu wa kijana wanakuja kwa kina msichana kuomba mke. "Hao ni watu wa church. Hawawezi kuelewa hii style yako."

Hapa nakiri kosa langu. Nililipokea, lakini alipoondoka nililifumua lile gauni nikalifanya bitana ya koti la mteja. Mimi nina kiburi changu. Aliporudi akaliulizia, akaliona ndani ya koti likiwa limetundikwa ukutani. Alikaa kwenye kiti cha wateja akalia.

"Si ungengoja tu niolewe kwanza," akasema.

Nikamwambia nimeshangoja miaka ishirini na tatu. Tuliachana hivyo. Baadaye alinitumia ujumbe kwamba koito imeahirishwa, atanijulisha.

Wiki jana mteja wangu mmoja wa hapa, asiyemjua binti yangu, alimleta dada yake kutoka Sigor, mama wa makamo, mpole, anaongea kwa kutabasamu. Alitaka nguo ya koito ya kijana wake, Jumamosi ijayo, huko Kisii. Nikauliza kwa mazoea tu, huku nikimpima, mnachukua msichana wa nani.

"Ni mwalimu, anaitwa Kerubo. Msichana mzuri sana," akasema. "Ni mama yake tu hatutaona. Alikuwa anachuma majani, akapata stroke, sasa hatoki kwa kitanda. Tunaenda kwa shangazi yake, ndiye atakaa kiti ya mama."

Akataja na jina la kijana, yule yule ambaye nimewahi kusalimiana naye kwa simu tu. Nilimpima bega mara tatu na mara tatu nikasahau namba.

Kisha akanishika kola. "Lakini Fundi, wewe unajua kuvaa. Nishonee kama hii yako. Hata mimi nimechoka na nguo za uzee." Huyu ndiye mtu ambaye nilifichwa ili asinione.

Kabla hajaondoka alitoa kwenye mfuko blanketi jipya, zito, rangi ya maziwa. Ni zawadi ya mama wa msichana. Akaniomba nishone jina kwenye pembe: Mama Kerubo. "Shona vizuri," akasema. "Nataka huyo mama akijifunika ajue kuna watu wanamuombea." Niliinama chini ya cherehani kana kwamba natafuta sindano, nikajipangusa macho kwa upindo wa blanketi.

Jioni nilimpigia Kerubo. Nilikuwa nimejipanga kumwambia yote, lakini aliposema "Hallo, Mum," yote yalinitoka kichwani.

"Nimekujulia tu hali," nikasema.

"Niko poa. Na wewe?"

"Mimi ni mzima kabisa, Kerubo."

Akasema anasahihisha vitabu, atanipigia. Bado hajapiga.

Najua wengine mtasema nimejitakia. Lakini nikisema ukweli, mwanangu ataonekana mwongo mbele ya wakwe kabla hajaolewa, na huenda ndoa ikafa. Nikinyamaza, basi nitakuwa mgonjwa wa kitandani maisha yangu yote. Sitaingia nyumbani kwake siku akijifungua, wala wajukuu hawataletwa kwangu, kwa sababu kila mtu huko ameambiwa siwezi kuinuka.

Nguo iko tayari, na kola imetoka vizuri kuliko yangu. Kwenye blanketi nimeshona neno Mama, lile jina lingine mkono umekataa. Anakuja kuchukua Ijumaa, na huku ndani ni mimi tu na cherehani. Nyinyi mnaosoma, hasa akina mama, nielekezeni. Akinyoosha mkono kuchukua blanketi langu, nimwambie nini?